Pengo

Saa sita usiku tramu ya mwisho imeingia bandani,
na mji wa Szeged umeacha kutetemeka.
Ndipo Hajnalka Bodrogi huanza kazi,
chini ya ardhi, kwenye meza ya chuma inayoelea juu ya hewa,
amevaa soksi jozi mbili na miwani ya kijani.
Juu, Februari imegandisha kingo za mto Tisza.
Chini, nyuzi joto ishirini na moja, wala hazizidi.

Anachokivizia ni mwendo wa chaji
kutoka tabaka moja hadi jingine,
tabaka mbili alizozibandua kwa utepe wa gundi,
kila moja unene wa atomu tatu,
akazilaza pamoja kama kope zilizofumba.

Tunasema: kufumba na kufumbua,
tukadhani tumesema upesi.
Nyoosha kila femtosekunde iwe sekunde nzima,
na huko kufumba kwako mara moja na kufumbua
kutachukua miaka karibu milioni kumi.
Milima itainuka, italiwa na mvua,
nawe hujaiona tena taa.

Saa ya kupimia hayo haipo.
Hakuna akrabu, hakuna mlio.
Kuna kioo tu.
Mpigo wa kwanza wa leza unaiamsha sampuli,
wa pili unakuja kutazama kilichotokea.
Kisogeze kioo nyuma:
unywele ugawe mara mia tano, chukua kipande kimoja,
umeuchelewesha ule wa pili femtosekunde moja.
Zamani watu waliulizana mji u mbali gani
wakajibiana, kutwa moja.
Hapa ni kinyume. Hapa wakati unahesabiwa kwa hatua.

Kishikizo cha kioo hicho alikichonga Dezső Kárász,
fundi mitambo, mtu wa supu ya samaki iliyoiva wekundu,
aliyeguna badala ya kusalimia.
Alikitengeneza mara nne, akatupa vitatu.
Ubavuni ameandika kwa penseli: USIGUSE.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
hata wewe, Hajnalka.

Alifariki Novemba. Koti lake la buluu
bado linaning'inia msumarini.
Mkuu wa idara, kaburini, alisema yanayosemwa:
ameacha pengo lisilozibika.
Hajnalka akakunja uso.
Yeye pengo analijua kikazi.

Elektroni ikipigwa na mwanga ikaruka,
ilipokuwa panabaki pengo,
na pengo halikai kimya.
Lina chaji yake. Lina uzito.
Jirani akija kuliziba, analifungua kwake,
na wa pili yake hivyo hivyo, hivyo hivyo,
hadi asiyekuwepo amesafiri
kwa miguu ya waliopo.

Usiku wa tisa uliharibiwa na friji ya chumba cha jirani.
Wa kumi na mbili, yeye mwenyewe alipiga chafya.
Huu ni wa kumi na saba,
saa kumi kasoro dakika tano, na mstari kwenye skrini,
uliolala wiki tatu kama mgonjwa,
unainuka.
Pengo limevuka, tabaka la juu hadi la chini,
kwa femtosekunde arobaini.
Anarudia. Limevuka.
Anabadilisha sampuli, anarudia. Limevuka.
Mara ya tano hapigi hata kofi.
Anaandika daftarini: arobaini, tatu juu au chini,
kisha bila kugeuka anasema,
"Njoo uone."

Feni inavuma.

Saa kumi na nusu tramu ya kwanza inapita,
mstari unaanza kutetemeka, basi, kazi imekwisha.
Koti lake liko ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu.
Analitungua lile la buluu.
Mikono inamvuka vidole,
mfukoni mna bisibisi ndogo na ganda la peremende,
naye anatoka hivyo hivyo kwenye baridi,
kutafuta mkate wa moto,
akiguna kumjibu mlinzi aliyemsalimia.